Kabla Hujajaza Fomu ya Ubingwa

Ujumbe huwa mfupi. "Shikamoo dokta. Niko mwaka wa tano, nimeshindwa kuamua nisome ubingwa gani. Naomba mwongozo." Hunifikia kutoka Dar es Salaam, Moshi, Mwanza na Dodoma, na siku hizi zaidi kutoka kwa madaktari watarajali waliobakiza miezi miwili mitatu wamalize mwaka wao, wanaosikia wenzao wakizungumzia MMed, shahada ya ubingwa, kana kwamba kila mtu anaijua njia isipokuwa wao. Nimejibu mmoja mmoja kwa miaka. Sasa nayaandika majibu hayo mahali pamoja, ili anayeuliza asome kwanza haya, tubakize muda wa kuongea yanayomhusu yeye peke yake.

Mimi ni daktari wa usingizi na ganzi. Niliingia chuoni nikitaka upasuaji, na nyumbani walishaanza kuniita "dokta wa kupasua" kabla sijashika kisu. Kazi yangu ya kwanza baada ya tarajali ilikuwa hospitali ya wilaya. Usiku mmoja nilikuwa namfanyia mama upasuaji wa kujifungua. Alikuwa amechomwa ganzi ya mgongo, anaongea vizuri, mara akasema anasikia kichefuchefu, kisha akanyamaza. Upande wa pili wa shuka alikuwepo muuguzi wa usingizi, mama mtu mzima aliyebakiza miaka michache astaafu. Hakupandisha sauti. Alifungua dripu yote, akaniambia nilisukume tumbo kidogo kuelekea kushoto, akachoma efedrini, akaweka vidole kwenye mshipa wa mkono wa mgonjwa, akasubiri. Mimi na kisu changu tukasubiri naye. Hatimaye akasema, "Endelea, mwanangu."

Ningetaka kuipamba habari hii ningesema usiku ule ndipo nilipochagua. Sivyo. Usiku ule ulinipa hamu ya kwenda kuangalia tu. Nilichagua baada ya wiki kadhaa za asubuhi za kawaida: kukagua mashine, kuhesabu dawa, kumwuliza mgonjwa amekula saa ngapi, kukaa saa tatu nikitazama namba zisizobadilika. Asubuhi zile hazikunichosha. Nitakayokwambia kuhusu kuchagua yametokana nazo.

KWANZA HESABU MIAKA

Wengi hawajawahi kukaa na kalamu wakaihesabu njia. Kwa Tanzania iko hivi:

1. Shahada ya udaktari, MD, miaka mitano.
2. Mafunzo tarajali, mwaka mmoja.
3. Usajili kamili wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Masharti na mitihani ya Baraza hubadilika, kwa hiyo soma tangazo la mwaka wako, usitegemee simulizi za kaka aliyekutangulia.
4. Kazi, kwa wengi miaka kadhaa.
5. MMed. Fani nyingi ni miaka mitatu, nyingine kama mifupa hufika minne.
6. Ubingwa bobezi kwa anayetaka, miaka mingine miwili hivi au zaidi.

Aliyeanza chuo akiwa na miaka 20, akafanya kazi miaka miwili, akasoma MMed ya miaka mitatu na ubobezi wa miaka miwili bila kupoteza hata muhula mmoja, atamaliza akiwa na miaka 33. Na sijamfahamu ambaye hakupoteza hata muhula mmoja.

Hesabu hii inaua kosa moja ninalokutana nalo kila mara. Kijana ananiambia, "Mimi nataka kuwa bingwa wa moyo." Namwuliza anapendaje wodi ya magonjwa ya ndani. Anakunja uso. Sasa, hakuna mlango wa moja kwa moja kutoka MD hadi ubingwa wa magonjwa ya moyo. Utapita kwanza MMed ya magonjwa ya ndani au ya watoto, na kwa miaka mitatu utakuwa na wagonjwa wa kisukari, kifua kikuu, ini, figo na kiharusi, huku moyo ukiwa sehemu tu ya kazi. Anayetaka kupasua moyo naye lazima aanzie kwenye upasuaji. Kama unaichukia barabara, usikate tiketi kwa sababu ya kituo cha mwisho.

TAZAMA JUMANNE

Kila fani ina siku yake ya sifa. Upasuaji una tumbo lililofunguliwa likakutwa utumbo uliotoboka, ukashonwa, mgonjwa akaenda nyumbani kwa miguu yake. Uzazi una kilio cha kwanza cha mtoto. Siku hizo humvutia kila mtu, hata asiyefaa, ndiyo maana hazikufundishi lolote juu yako. Tazama Jumanne, saa nane mchana, umeme umekatika na kurudi mara mbili, na foleni ya kliniki inafika getini.

Nunua daftari dogo la kuingia mfukoni. Kila jioni ya kila mzunguko wa wodi, andika mistari mitatu:

- Leo nilitazama saa kwa mara ya kwanza saa ngapi?
- Kazi gani niliifanya bila kutumwa?
- Mgonjwa gani nilimkwepa?

Swali la tatu ndilo linalouma, na ndilo lenye habari nyingi. Mwanafunzi mmoja alinionyesha daftari lake baada ya mwaka mzima. Alikuwa na hakika anataka upasuaji. Ukurasa wa wiki ya tatu ya upasuaji ulisomeka hivi: "Theata safi sana. Wodini kidonda cha mzee wa kitanda cha 9 kinanuka, nimemwachia intani." Siku mbili mbele: "Kitanda cha 9 tena. Nimepita mbali." Ukurasa wa wodi ya watoto ulisema: "Nimetafuta mshipa wa mtoto dakika 40. Mama analia. Nimeupata mguuni. Sikukasirika." Tuliyasoma pamoja, hatukuongea sana. Upasuaji ni vidonda. Ni kufungua bandeji kila asubuhi na kunusa. Leo anasoma watoto.

Daftari lisiwe la kujisifia. Ukiandika kila siku "leo nimejifunza mengi", umelipoteza bure.

FANI ZIKIVULIWA JOHO

Sitazipitia zote. Nasema juu ya zile mnazoniuliza, na juu ya zile ambazo hamniulizi ingawa mngepaswa.

Magonjwa ya ndani ni kufikiri kwa miguu: raundi ndefu, historia ndefu, na wagonjwa watakaorudi kwako miaka na miaka. Anayetaka kumaliza jambo na kuondoka atateseka.

Magonjwa ya wanawake na uzazi ni fani ya usiku. Hakuna namna ya kuipamba. Pia ni fani ambayo kosa lake huonekana haraka na familia nzima iko nje ya mlango. Nawaheshimu kuliko ninavyoweza kuandika.

Usingizi na ganzi, fani yangu: hutashukuriwa. Mgonjwa akiamka atamtafuta aliyempasua. Ukihitaji shukrani ili ulale vizuri, tafuta pengine. Ukipenda kujua kinachoendelea ndani ya mwili dakika kwa dakika, na kukibadilisha kwa mkono wako, karibu, tuko wachache mno.

Radiolojia na patholojia huchaguliwa na wanaodhani wanakimbia wagonjwa. Ni kweli hutakuwa na wodi. Lakini kila picha na kila kipande cha nyama ni mtu anayesubiri, na daktari anayekupigia simu mara ya tatu. Patholojia hasa inahitaji watu: saratani haitibiwi vizuri mpaka mmoja aiangalie kwenye darubini na kusema ni ipi.

Tiba ya dharura ilianza kufundishwa Muhimbili kama MMed mwaka 2010, kwa hiyo bado ni fani changa kwetu. Uchanga huo una faida: bingwa kijana anaweza kukabidhiwa idara aijenge tangu mwanzo. Una hasara ileile: anaweza kukabidhiwa idara aijenge tangu mwanzo.

Magonjwa ya akili. Kila nikiitaja, chumba kizima hucheka kidogo na mtu hutaja hospitali ya akili ya Mirembe. Mwenye kucheka asiombe. Mwenye kubaki na mgonjwa wa kitanda cha pembeni ambaye wenzake wote wamempita, akamsikiliza nusu saa bila kutazama saa, huyo aende akaongee na bingwa wa akili wiki hii.

Ngozi mnaiona ni fani ya wasio na zamu. Kituo cha kanda cha mafunzo ya ngozi pale KCMC, Moshi, kipo tangu mwaka 1992, na ukienda utaona ukoma, utaona watu wenye ualbino wenye saratani za ngozi, utaona kazi nzito ya kinga. Kliniki za kung'arisha nyuso ni sehemu ndogo ya habari hiyo.

MASWALI YA KUMWULIZA BINGWA

Usimwulize "fani yako ni nzuri?" Atakwambia nzuri, ameipa ujana wake. Muulize haya, kwa adabu, akiwa na muda:

- Jana ulitoka kazini saa ngapi, na usiku ulipigiwa simu mara ngapi?
- Ukipelekwa hospitali ya mkoa isiyo na kifaa chako kikuu, utabaki na kazi gani ya kufanya?
- Mgonjwa wa aina gani unayemwona kila siku mpaka unaota?
- Jambo gani ulichelewa kulijua?

Swali la pili ni la kwetu hasa. Bingwa anayetegemea kamera ya kuingiza tumboni, akapelekwa mahali ambapo kamera hiyo imeharibika tangu mwaka juzi, atakaa anaandika rufaa. Lazima uwe umekubali hilo mapema, au uwe mtu wa kusumbua ofisi mpaka kifaa kitengenezwe.

Kisha nenda kwa rezidenti, yaani daktari anayesomea ubingwa, siyo kwa profesa. Mtafute saa nane usiku akiwa amekaa kwenye kiti cha wauguzi anakunywa chai iliyopoa. Atakwambia ukweli kwa sababu hana nguvu ya kuuficha.

SABABU ZA KUZIOGOPA

- "Ina hela." Labda. Lakini hela za kliniki za jioni hufuata mji ulipo na jina ulilojijengea, nazo huja baada ya miaka ya MMed ambayo huenda ukaipita bila mshahara.
- "Profesa alinisifia." Alikusifia kwa siku moja, na pengine alikuwa na furaha zake.
- "Profesa alinitukana." Hii ni mbaya zaidi. Nimeona watu wameikimbia fani wanayoipenda kwa sababu ya bingwa mmoja mwenye mdomo. Yeye atastaafu, fani itabaki.
- "Tunakwenda wote na rafiki zangu." Rafiki hatakaa zamu yako.
- "Wazazi wanataka." Waheshimu, wasikilize, kisha waeleze kazi yenyewe ilivyo. Mara nyingi wanachotaka ni neno bingwa. Hawajui kuna bingwa wa patholojia, na ukiwaeleza vizuri watajivuna vilevile.

"MIMI NI MWANAMKE, NITAUWEZA UPASUAJI?"

Dada zangu mnaniuliza hili kwa sauti ya chini. Jibu: utaiweza kazi. Kinachohitaji mpango ni nyumba. Tafuta rezidenti wa kike mwenye mtoto katika fani na chuo unachokitaka, umwulize nani anabaki na mtoto usiku wa zamu, chuo kilimruhusu kuahirisha masomo alipojifungua au alihangaika, na alirudije. Usiwaulize wanaume wa idara hiyo, hawana majibu. Na wewe kaka unayesoma huku ukidhani sehemu hii haikuhusu, jiulize wa kwako atalelewa na nani.

MWAJIRI KWANZA, CHUO BAADAYE

Hapa ndipo nataka ukae sana, maana ndipo watu wanapopoteza miaka. Mimi nilipoteza mmoja.

Nilikuwa mtumishi wa umma. Niliomba chuo, nikapata nafasi, nikaenda ofisini na barua ya udahili nikitabasamu. Nikaambiwa jina langu halimo kwenye mpango wa mafunzo wa mwaka ule, na hospitali ina madaktari watatu tu, nani atabaki? Barua ya ruhusa ilichukua miezi minne kutoka meza moja hadi nyingine. Ilipotoka, wenzangu walikuwa wameshafanya mtihani wa kwanza. Siwalaumu sana, nilikuwa nimeanza mwisho.

Kama umeajiriwa na serikali, fuata mpangilio huu:

1. Hakikisha umethibitishwa kazini. Muda wa majaribio ni mwaka mmoja, lakini barua ya kuthibitishwa haiji yenyewe. Ifuatilie.
2. Mwaka mmoja kabla ya kuomba, mwambie mganga mfawidhi kwa mdomo, kisha kwa maandishi, kwamba unataka kusoma na fani gani. Omba uingizwe kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri.
3. Barua yako ipite njia yake: mganga mfawidhi, mganga mkuu wa halmashauri, mkurugenzi. Usiruke ngazi hata kama mkurugenzi ni mjomba wako. Uliyemruka ndiye atakayeulizwa maoni.
4. Peleka nakala mbili masijala. Moja ibaki kwao, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo nyumbani. Siku watakaposema hawajaiona, utaitoa.
5. Taja kwenye barua fani ambayo hospitali yenyewe haina. "Wagonjwa wetu wa mifupa tunawapa rufaa" ni sentensi inayofungua mlango kuliko "ninapenda sana mifupa".
6. Soma mkataba wa kurudi kazini kabla ya kusaini: utarudi wapi, kwa miaka mingapi, na ukivunja utalipa nini.

Kama umeajiriwa na hospitali ya dini au binafsi, mkataba ni wa maelewano zaidi, kwa hiyo kila ahadi iwe kwenye karatasi. Ahadi ya mkurugenzi mwema huondoka naye akihamishwa.

Kama hujaajiriwa kabisa, na najua ninyi ni wengi, faida yako ni kwamba huna wa kumwomba ruhusa. Hasara tunaifikia sasa hivi.

FEDHA, BILA AIBU

Rezidenti wa Marekani ni mwajiriwa, analipwa. Rezidenti wa chuo cha umma hapa kwetu ni mwanafunzi: anafanya zamu, anaandika mafaili, anafundisha wanafunzi, na analipa ada. Kama mshahara wa mwajiri wake hauendelei, anaishi kwa akiba, kwa mwenza au kwa deiwaka, yaani vibarua vya zamu.

Orodhesha gharama zote, siyo ada tu:

- ada ya kila mwaka, inayofikia mamilioni ya shilingi
- utafiti wa tasnifu: kibali cha maadili, wasaidizi, vipimo, uchapaji
- kodi ya nyumba karibu na hospitali, maana saa tisa usiku daladala hakuna
- wanaokutegemea nyumbani
- mkopo wa chuo. Ukiwa kwenye ajira, Bodi ya Mikopo hukata asilimia 15 ya mshahara, na makato hayasubiri umalize masomo

Wizara ya Afya ina mpango wa ufadhili wa ubingwa na ubingwa bobezi unaobeba jina la Rais Samia. Fuatilia tangazo lake kwenye tovuti ya Wizara, soma fani zilizotajwa, na uangalie kama zinazotiliwa mkazo mwaka huo ni zako. Lakini usibadili moyo wako wote kwa sababu ya tangazo. Kama ulikuwa unasita kati ya mbili, hapo tangazo liamue.

Kuhusu deiwaka: wote tumefanya. Onyo langu ni moja tu. Usifanye asubuhi inayofuata zamu. Niliwahi kuvuta dozi mara mbili kwenye bomba moja la sindano nikiwa sijalala saa 30, na kilichomwokoa mgonjwa ni muuguzi aliyeniuliza, "Dokta, hii ni ngapi?" Sitaitaja hospitali, lakini mkono wangu bado unaikumbuka.

WAPI PA KUSOMA

Muhimbili kuna MUHAS, na ukaribu wa taasisi za mifupa (MOI), moyo (JKCI) na saratani ya Ocean Road. Moshi kuna KCMC, Mwanza kuna CUHAS na Bugando yake. Dodoma kuna chuo kikuu na Hospitali ya Benjamin Mkapa. Kuna Kairuki na Aga Khan kwa upande wa binafsi. Watu huniuliza kipi bora. Mimi huuliza: kwa fani gani? Chuo kikubwa kina wagonjwa wa kila aina, lakini kisu hushikwa na wengi waliokutangulia. Chuo kidogo kinaweza kukupa mkono wa kwanza mapema, huku ukikosa mabingwa bobezi wa kukukosoa. Uliza rezidenti wa mwaka wa pili amefanya upasuaji mara ngapi yeye mwenyewe, na akikwama anampigia nani.

Kwa upasuaji ipo njia nyingine ambayo wanafunzi wengi hawaijui. COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, kilianzishwa mwaka 1999 na makao yake yako Arusha. Hakina majengo ya wodi. Unafundishwa ndani ya hospitali iliyoidhinishwa huku ukiwa kazini, unafanya mtihani wa uanachama baada ya miaka miwili, na wa ushirika (fellowship) baada ya miaka mitano au zaidi kwa jumla. Kwa aliyekwishapata kazi katika hospitali yenye idhini, ni njia ya kusoma bila kuacha mshahara. Shida yake: ubora wake unategemea sana yule bingwa mmoja au wawili waliopo hapo. Akiondoka, umebaki na vitabu. Magonjwa ya ndani nayo yana chuo cha namna hiyo, ECSACOP.

FOMU YENYEWE

Andaa nyaraka kabla dirisha halijafunguliwa. Weka kwenye bahasha moja na kwenye simu:

- vyeti vya sekondari na cha kuzaliwa
- cheti cha MD na orodha ya matokeo
- cheti cha kumaliza tarajali
- usajili na leseni hai ya Baraza
- barua ya ruhusa ya mwajiri
- barua za wadhamini

Ukiwa nazo zote, zitandaze kitandani utazame kitu kimoja: jina. Cheti cha kidato cha nne kinasema Mwanaidi, cha chuo kinasema Mwanahidi, leseni imeacha jina la babu. Nimeona maombi mazuri yakirudishwa kwa herufi moja. Nenda kwa wakili ukaape kiapo cha majina sasa, siyo siku mbili kabla ya dirisha kufungwa.

Wadhamini. Usichague mwenye cheo kikubwa asiyekufahamu. Barua inayosema "namfahamu, ana bidii na nidhamu" haina uzito, maana kila aliyeomba anayo. Barua iliyomsaidia intani mmoja niliyemfundisha ilikuwa na sentensi hii: "Alipogundua kuwa mgonjwa wa kitanda cha 4 hajapewa damu tangu jana, alikwenda benki ya damu mwenyewe, akarudi nayo, kisha akaandika kwenye faili kwa nini ilichelewa." Barua kama hiyo huandikwa na aliyekuona wodini. Mwombe wiki sita kabla, mkumbushe ulifanya naye kazi lini na wapi, kisha mkumbushe tena. Sisi mabingwa tunasahau, usituonee haya.

Maelezo ya kwa nini unataka fani hiyo: usianze na utoto wako. Kila mtu alitaka kuwa daktari tangu utotoni. Anza na wodi, na mgonjwa mmoja bila jina lake, na ulichokifanya, na ulichoshindwa.

"GPA yangu ni ndogo." Vyuo vina viwango vya chini, na vingine huangalia hasa alama ya somo la fani unayoomba. Soma masharti. Kama uko chini ya kiwango, usitume ukitumaini hawataona. Kama umevuka kwa unywele, kazi ya miaka miwili na barua ya aliyekuona kazini hukusaidia kuliko unavyodhani.

UGHAIBUNI

Kwa kifupi. Marekani ni mitihani ya USMLE na cheti cha ECFMG, kisha maombi, na majibu hutoka Machi. Tangu Januari 2022 hatua ya kwanza ya mtihani haina alama, ni kufaulu au kufeli tu, kwa hiyo uzito umehamia hatua ya pili. Uingereza ni mtihani wa PLAB na usajili wa GMC. Ujerumani ni lugha kwanza: bila Kijerumani cha kuzungumza na mgonjwa hakuna kitu. Kabla hujatoa hata senti, hakikisha chuo chako cha MD kinatambuliwa na wanaotoa cheti unachokitaka. Na anayekuahidi nafasi ya uhakika kwa malipo ya mkupuo ni tapeli, hata kama amevaa koti jeupe kwenye picha.

UKIKOSA

Utaumia wiki moja, halafu uliza kwa nini. Andika barua fupi ya adabu kwa chuo, wengine hujibu. Mwaka wa kusubiri usiupitishe ukisubiri: kaa idara ya fani yako hata kwa kujitolea siku mbili kwa wiki, anza wazo la utafiti, rekebisha kilichokosekana kwenye bahasha. Aliyeomba mara ya pili akiwa na kitu kipya huonekana. Aliyetuma karatasi zilezile pia huonekana.

Baada ya haya, ukiendelea kutaka ushauri wangu, niandikie. Usianze na "nisome ubingwa gani". Nitumie kurasa tatu za daftari lako na picha ya nakala ya barua yako yenye muhuri wa masijala. Nitakujibu siku hiyohiyo, nikiwa sipo zamu.